Nchi ya Mizabibu na Mchanga

Mara nyingi katika Injili twasoma habari za shamba la mizabibu, na walimu wetu huwaeleza watoto darasani jinsi matawi yanavyokatwa ili mti uzidi kuzaa. Walakini si wengi miongoni mwetu walioiona kazi ile kwa macho yao. Ndugu zetu wa Dodoma ndio wenye bahati, kwa kuwa wao hulima zabibu na kuzivuna mara mbili kwa mwaka. Sisi wengine twasikia tu. Kwa hiyo tulipojaliwa kwenda Ufaransa na kukaa miaka miwili katika wilaya ya Gironde, upande wa magharibi ulio karibu na Bahari ya Atlantiki, tuliazimu kuwaandikia yale tuliyoyaona, hasa mambo ya wakulima, maana twajua ya kuwa nyumba nyingi zinazosoma gazeti hili hula kwa jembe.

Kwanza yapasa mjue nchi yenyewe ilivyo. Mito miwili mikubwa, Garonne na Dordogne, hukutana kaskazini ya mji wa Bordeaux, na toka hapo hata baharini maji hayo huitwa Gironde. Si mto kamili wala si bahari kamili. Urefu wake ni kama kilomita 75, na rangi yake ni ya chai iliyotiwa maziwa, kwa ajili ya matope. Watu wa pwani ya kwetu wangeyaelewa maji hayo mara moja, kwa kuwa hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Wakati wa bamvua bahari hupanda kwa nguvu hata mto Dordogne hurudi nyuma: wimbi moja refu laja kutoka chini kuelekea juu, na watu wa mahali paitwapo Saint-Pardon husimama ukingoni kulingojea, na vijana hulipanda kwa mbao zao. Kando ya Gironde kuna vibanda vidogo vilivyojengwa juu ya nguzo ndefu, kila kimoja na wavu wake wa mraba unaoshushwa na kuinuliwa kwa kamba. Mwenye kibanda huinua wavu, huona kamba wachache na samaki mmoja mdogo, huushusha tena, kisha huketi. Twadhani kinachovuliwa pale zaidi ni utulivu.

Kati ya Gironde na bahari kuu pana ulimi wa nchi uitwao Médoc. Upande wa mto ni mizabibu; katikati ni misonobari; upande wa bahari ni mchanga mtupu. Sisi tulipanga nyumba ndogo ya mawe katika kijiji cha upande wa mto, na kutoka dirisha la jikoni hatukuona kitu ila mistari ya mizabibu, imenyoka kama mistari ya daftari.

Mtu wa kwetu akiishika ardhi ya Médoc mkononi atacheka. Ni kokoto! Mawe madogo ya mviringo, yaliyoletwa na mto zamani sana, yamelala unene wa mita kadha wa kadha. Mahindi yangenyauka hapo. Lakini mzabibu hautaki shibe nyingi. Maji ya mvua hupita upesi kati ya kokoto, mizizi hulazimika kushuka chini kuyafuata, na mawe yenyewe hushika joto la mchana na kulirudisha usiku, zabibu zikaiva vizuri. Palipo na udongo mnono karibu na mto, watu hufuga ng'ombe.

Kazi ya mwaka huanza wakati wa baridi, mti ukiwa umelala kama mfu. Hilo ndilo linalouachanisha mzabibu wa Ulaya na ule wa Dodoma: wa Ulaya hulala miezi mingi, kwa hiyo huzaa mara moja tu. Toka Desemba hata Machi watu hupogoa. Huwezi kuipa mashine kazi hii yote, kwa sababu kila mti una umbo lake, na mpogoaji hana budi kuutazama na kuamua tawi lipi libaki na lipi liondoke. Jirani yetu, mzee aliyekuwa na hekta tisa, alituruhusu tumfuate. Alikata bila kusitasita, tisa katika kila sehemu kumi za mti zikaanguka chini, hata tukaogopa. Tulipomwuliza kama hakuzidisha, alijibu, "Majirani zangu, mti ulioonewa huruma hutoa majani." Matawi yaliyokatwa hufungwa mafungu, hukaushwa, na kutumiwa kuchomea nyama ya ng'ombe, moshi wake una harufu nzuri, nasi twakubali kwamba nyama ile haina mfano.

Mwezi wa Aprili machipukizi hutoka, na hofu hutoka pamoja nayo. Usiku mmoja wa jalidi waweza kuunguza mazao ya mwaka mzima. Ilitokea hivyo Aprili 2017, tena Aprili 2021, mwaka mmoja kabla hatujafika. Wenye mali waliwasha mishumaa mikubwa katikati ya mistari usiku kucha ili kuipasha hewa joto. Wasio na mali walikesha wakitazama kipimo cha baridi. Wazee hukumbuka zaidi Februari 1956, jalidi ilipoua miti yenyewe hata mizizini. Baba yake jirani yetu aling'oa na kupanda upya katika miaka ile, na miti tuliyoiona ikipogolewa mingi ilikuwa ya mikono ya baba huyo. Baada ya jalidi huja mvua ya mawe, na baada ya mvua ya mawe, ukungu.

Hapa tuna habari itakayowapendeza wasomaji wa Kilimanjaro na kila mahali palimwapo kahawa. Ninyi mwaijua dawa ya samawati, ile ya mrututu, inayonyunyizwa juu ya mibuni ili kuzuia magonjwa ya majani na matunda. Basi, dawa hiyo chimbuko lake ni Médoc. Zamani wenye mashamba ya kijiji cha Saint-Julien walisumbuliwa na wapita njia waliochuma zabibu kando ya barabara. Wakachanganya mrututu na chokaa, wakainyunyizia mistari ya ukingoni, ili majani yaonekane ya kutisha kama yenye sumu. Oktoba 1882 profesa mmoja wa Bordeaux, Alexis Millardet, alipita hapo. Mwaka ule ukungu ulikuwa umeyaangusha majani mashambani, lakini mistari ya barabarani, iliyotiwa rangi kwa ajili ya wezi, ilikuwa ingali na majani mabichi. Hakupita tu. Aliuliza, akajaribu, akapima pamoja na mwenzake Ulysse Gayon, na mwaka 1885 akatangaza dawa ambayo mpaka leo yaitwa kwa jina la Bordeaux duniani kote. Walimu wetu wa sayansi wanaweza kuwasimulia watoto habari hii, kwa maana watu wangapi walipita barabara ileile siku zile, wakaona, wasiulize!

Miaka michache kabla ya hapo lilikuja pigo kubwa kuliko ukungu: mdudu mdogo kutoka Marekani, filoksera, alaye mizizi. Aliingia Ufaransa katika miaka ya 1860 na kukausha mashamba ya nchi nzima. Dawa ya kumwua haikupatikana. Iliyopatikana ni hila: mizizi ya mzabibu wa Kimarekani humvumilia mdudu huyo, basi wakakata kitawi cha mzabibu wao na kukiunga juu ya shina la Kimarekani. Hata leo karibu mizabibu yote ya huko ina mguu wa kigeni na kichwa cha nyumbani.

Mavuno ni Septemba na mwanzo wa Oktoba. Katika mashamba makubwa yenye majumba kama ya wafalme, yale yaliyopangwa kwa madaraja matano mwaka 1855 kwa ajili ya maonyesho ya Paris, zabibu huchumwa kwa mkono, na wachumaji wengi ni wageni, watu wa Moroko, wa Hispania na wa Ulaya ya mashariki. Divai ya majumba hayo huuzwa kwa bei ambayo mwalimu hathubutu kuitaja mbele ya mkewe. Lakini majumba ni machache. Wakulima walio wengi ni kama jirani yetu: huvuna kwa mashine, hupeleka zabibu kwenye chama cha ushirika, na divai yao huuzwa kwa jumla kwa wafanyabiashara. Neno letu "divai" lenyewe, wasemavyo wenye kamusi, lilitoka kinywani mwa Wafaransa.

Tulikwenda Bordeaux mara nyingi kwa gari moshi. Ni mji mzuri, wa mawe meupe, umejipinda pamoja na mto kama mwezi mchanga. Daraja lake la kale lilimalizika mwaka 1822 na lina matao 17. Watu hupenda kuhesabu kwamba jina la Napoléon Bonaparte lina herufi 17. Lakini majumba yale mazuri ya gatini yalijengwa katika karne ya 18, na yapasa kuuliza yalijengwa kwa fedha gani. Nyingine ilitoka katika divai. Nyingi ilitoka katika sukari na kahawa ya visiwa vya Antili, iliyolimwa na watumwa wa Kiafrika. Na meli za Bordeaux zenyewe zilifanya karibu safari 500 za kuchukua watumwa, zikabeba watu zaidi ya 120,000. Baadhi ya meli hizo hazikwenda Afrika ya magharibi tu, bali zilizunguka hata Msumbiji, upande wetu huu. Leo mji hauyafichi mambo hayo: katika jumba la makumbusho la Aquitaine vimo vyumba vinavyoyaeleza, vilivyofunguliwa mwaka 2009.

Na gatini, mbele ya mto, tangu Mei 2019 imesimama sanamu ya shaba ya mwanamke wa Kiafrika. Alizaliwa mashariki ya Afrika mnamo 1765, na jina lake alikuwa Al Pouessi. Akatekwa, akanunuliwa na ndugu wawili wafanyabiashara wa Bordeaux, akabatizwa Modeste Testas, jina la ukoo likiwa lao, akapelekwa Saint-Domingue, nchi ambayo sasa ni Haiti. Baadaye akapata uhuru, akaishi, kama isemwavyo, hata umri wa miaka 105, akafa mwaka 1870. Mjukuu wake, François Denys Légitime, alikuwa rais wa Haiti. Tulisimama hapo kitambo bila kusema neno. Wapita njia walikuwa wakila barafu tamu na kupiga picha za mto. Sisi tulisoma jina lile la kwanza mara mbili tatu, tukijaribu kulitamka jinsi mama yake alivyolitamka.

Sasa tuwapeleke baharini.

Kusini kuna hori kubwa ya Arcachon, ambako watu hufuga chaza kama sisi tufugavyo kuku. Huweka vigae vilivyopakwa chokaa majini, watoto wa chaza wadogo kuliko punje hushika hapo, kisha hubanduliwa na kukuzwa katika mifuko kwa muda wa miaka kama mitatu. Kazi yote hufuata maji yakipwa, usiku au mchana, baridi au joto. Nao wana misiba yao. Chaza wa asili walipopungua, bahati ilileta chaza wa Kireno: mwaka 1868 meli iliyokuwa imebeba chaza hao ilizuiwa na dhoruba, shehena ikaanza kunuka, nahodha akaimwaga mdomoni mwa Gironde akidhani wamekufa wote. Hawakufa. Walizaa na kuenea, wakalisha pwani ile miaka mia. Kisha mnamo 1970 ugonjwa ukawamaliza, ikabidi kuleta wengine kutoka Japani, ndio walioko hata leo. Mwishoni mwa Desemba 2023, siku zenyewe za sikukuu ambapo kila nyumba hununua chaza, serikali ilizuia kuuza chaza wa hori ile, kwa kuwa maji machafu yaliyofurika kwa mvua yalikuwa yameleta ugonjwa wa tumbo. Wafugaji hawakuwa na kosa, na hasara ilikuwa yao.

Karibu na mdomo wa hori pana kilima cha mchanga kiitwacho Pilat, kirefu kuliko vyote katika Ulaya: kimo chake kimepita mita 100, na urefu wake karibu kilomita tatu. Tulikipanda kwa shida, hatua moja mbele na nusu nyuma. Ukiwa juu, mkono mmoja ni bahari, na mkono wa pili ni msitu usio na mwisho, na kilima chenyewe husogea kila mwaka mita kadha kuelekea msituni, kikiimeza misonobari mizima mizima. Msitu huo si wa asili. Hapo kale palikuwa nyika yenye maji, na wachungaji walitembea juu ya mironjo ili wasizame na wawaone kondoo wao. Sheria ya mwaka 1857 iliamuru nyika ikaushwe na kupandwa misonobari. Utajiri ukaja, na wachungaji wakatoweka. Julai 2022, tukiwa wageni kabisa, moto ulishika pande mbili, La Teste na Landiras, ukateketeza hekta zaidi ya 20,000. Maelfu ya watu walihamishwa. Sisi tulikuwa mbali, walakini asubuhi tuliamka jua likiwa jekundu na nguo kambani zikinuka moshi. Jirani yetu alikuja kutuambia tufunge madirisha, akabaki kwetu hata saa sita, kwa maana hakutaka kukaa nyumbani akisikiliza redio.

Kwenye ncha ya Médoc upo mji wa Soulac, na kanisa lake tulilipenda kuliko mengine yote. Ni kanisa kubwa la kale, walipopita mahujaji waliokwenda Santiago. Katika karne ya 18 mchanga ulilifunika. Watu walipigana nao kwa miaka mingi, mwisho wakaondoka, na juu ya mchanga ukabaki mnara tu, ukawa alama kwa mabaharia. Kuanzia mwaka 1859 lilifukuliwa, na leo Misa husomwa humo tena. Walakini sakafu ya sasa ipo juu ya ile ya kwanza, kwa hiyo nguzo zaonekana fupi, kama watu waliosimama ndani ya maji. Hatua chache kutoka hapo, ufukoni, mwishoni mwa miaka ya 1960 ilijengwa nyumba kubwa ya ghorofa yenye makao 78, ikiitwa Le Signal. Ilikuwa mita 200 kutoka baharini. Bahari ikala ufuko mwaka hata mwaka, na mwaka 2014 wenye makao waliamriwa kutoka. Februari 2023 nyumba ilibomolewa. Tuliwaona wazee kadhaa wamesimama upepo ukivuma, wakitazama mashine ikivunja roshani walizonunua kwa akiba ya maisha yao.

Mbele ya ncha hiyo, katikati ya maji, wasimama mnara wa taa wa Cordouan, ulioanzwa mwaka 1584 na kumalizika 1611. Una vidato 301, na ndani una kanisa dogo lenye madirisha ya vioo vya rangi. Taa yake ingali inawaka, na walinzi wangali wakikaa humo kwa zamu. Ukifika maji yakipwa, huna budi kuvua viatu na kutembea majini.

Sasa twarudi kwa jirani yetu. Miaka ya 1960 kila Mfaransa, kwa wastani, alikunywa divai zaidi ya lita 100 kwa mwaka. Siku hizi ni kama 40. Msomaji aliyeona ulevi ukibomoa nyumba hatahuzunika kusikia hesabu hiyo, wala hatumlaumu. Lakini kila lita isiyonywewa ina mti wake, na mti una mtu wake. Divai ikajaa ghalani, bei ya jumla ikashuka chini ya gharama ya kulima. Mwaka 2023 serikali na chama cha wenye divai walitoa fedha, euro 6,000 kwa kila hekta, kwa yeyote atakayeng'oa mizabibu yake, kwa sharti kwamba ardhi isipandwe mizabibu tena kwa miaka mingi, bali iwe msitu au kilimo kingine. Iliazimiwa kung'oa hekta 9,500 katika nchi ile.

Mzee alikaa na karatasi ile mezani muda mrefu. Watoto wake wawili wana kazi Bordeaux, na hakuna anayetaka shamba. Mkewe alisema waandike. Yeye alisema kwamba hawezi kuwa wa kwanza katika ukoo kutia sahihi ya namna ile. Jumapili baada ya ibada walitukaribisha chakula, na mkewe akatuuliza kwetu hufanyaje, mtu akiwa na shamba wala hana wa kumrithi. Tulijibu kwamba kwetu pia vijana huenda mjini, na kwamba iko mibuni iliyokatwa bei ilipoanguka, mingine ikiwa imepandwa na babu. Mzee aliuliza kama waliokata walijuta. Tulimwambia ukweli, kwamba wengine walijuta na wengine walisomesha watoto. Akanyamaza, akaendelea kula.

Alitia sahihi. Mashine ilikuja wakati wa baridi, ikamaliza hekta saba kwa siku chache. Mashina yalirundikwa na kuchomwa, na moshi wake ulikuwa na harufu ileile tuliyoizoea. Hekta mbili, zile za kokoto nzuri karibu na barabara, hakuziandika. Alisema atazipogoa mwenyewe maadamu magoti yakubali. Tulipoondoka, mwezi wa Mei 2024, nyasi zilikuwa zimekwisha kufunika mistari ya zamani, na katika nyasi hizo, hapa na pale, tuliona chipukizi la mzabibu lililotoka katika mzizi uliosahauliwa. Mzee alikuwa akipita na jembe, akiyatafuta.